Tela Lililolala kwa Mama Aneth

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia bado, lakini kwa umri huu naitikia mapema, ili mkisahau nisije nikanuna.

Nilikuwa katibu wa baraza la kata hapa Arusha kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu wakigombana juu ya mpaka, juu ya mbuzi, juu ya mparachichi unaoangusha matunda kwenye bati la jirani, walikuja kwetu. Wazee walisikiliza, mimi niliandika. Kata yenyewe sitaitaja, maana watu wake wapo na wanasoma. Shikeni tu kwamba ukipita Olasiti ukaendelea kidogo kuelekea Kisongo, unaanza kuinusa.

Ninyi mnaoandikiana makubaliano kwenye simu, kwa vidole viwili na picha ya dole gumba mwishoni, ndio ninaotaka mnisikie. Nataka kuwasimulia juu ya tela moja, na neno moja nililoliharibu.

Tela lile naliota hadi leo. Katika ndoto ni asubuhi, wingu limeshuka kutoka Meru mpaka kwenye migomba, na kila kitu kimelowa bila mvua kunyesha. Tela liko pale pale uani kwa Mama Aneth, limefunikwa na mpesheni toka mkono wake wa kuvutia hadi taa za nyuma, maua ya mjakaranda yameliangukia, kuku wametagia chini yake. Nalisogelea polepole, na kila nikilisogelea nasikia linapumua. Marehemu mume wangu aliniambia kwamba huko kupumua kulikuwa kukoroma kwake. Sasa yeye hayupo miaka minne, na tela bado linapumua.

Lakini msidhani matela yote niliyokutana nayo kazini yalikuwa ya ndotoni. Lilikuwepo tela la trekta la bwana mmoja, fundi wa Ngarenaro, aliyekuja kujenga kwenye kata yetu. Mwili wa tela ulikuwa kwenye kiwanja chake, sawasawa kabisa. Ila ule mkono wa mbele, wa kufungia kwenye trekta, ulikuwa umepita kwenye mabanzi ya uzio ukaingia kwa jirani, na mke wa jirani alikuwa ameanza kuuanikia nguo za mtoto. Fundi akatuambia, "Waheshimiwa, tela langu limelala kwangu. Limenyoosha mkono tu."

Mwenyekiti wetu wa wakati ule, Mzee Ndeta, aliyenifundisha kazi, akamwuliza, "Ng'ombe wako akisimama kwako, akapitisha kichwa kwenye uzio, akala mahindi ya jirani, nani kala?"

"Kichwa, Mzee," fundi akajibu, na baraza zima likaangua kicheko. Aliligeuza siku ile ile. Mama wa nguo ndiye aliyelalamika kuliko wote, maana alikuwa amekosa kamba.

Basi hilo la kwanza lishikeni. Kwako ni kwako kutoka mpaka hadi mpaka, na kila kipande cha chombo chako kikae ndani ya mpaka. Na hata ndani ya mpaka, soma masharti ya kiwanja. Kiwanja cha makazi si yadi. Tela moja la familia hakuna atakayekusumbua, lakini yakifika matatu na mafundi wakaanza kuchomelea vyuma watoto wa jirani wakilala mchana, halmashauri ina sheria zake ndogo na itakugongea. Hifadhi ya barabara nayo usiiguse. Watu wanaiona tupu wanadhani haina mwenyewe.

Na likija la mwenzio likaachwa kwako bila ruhusa, usilifanye kitu. Tulikuwa na mzee mmoja aliyechoka kuliona tela la mtu mbele ya zizi lake. Akawaita vijana wa vyuma chakavu, wakalikata mchana kweupe wakipiga mluzi. Mwenye tela alipotokea, huyu aliyekuwa na haki yote mkononi akajikuta ndiye mshitakiwa. Andika barua, mpelekee mwenyewe mbele ya shahidi, nakala ipeleke kwa mtendaji wa mtaa, kisha njoo barazani. Haki ni yako, ila ukiikimbilia kwa msumeno inageuka kosa.

Mzee Ndeta alikuwa na neno lake juu ya kazi yangu. Siku moja alichukua kitabu changu cha kumbukumbu za vikao, akasoma kurasa kadhaa, midomo ikitembea. Nilikuwa nangoja sifa. Nilikuwa nimetoka Old Moshi na alama nzuri ya Kiswahili, mwandiko wangu ulikuwa unaenda mstarini bila mistari. Akafunga kitabu akasema, "Mama Katibu, humu ndani watu wote wanaongea kama wewe. Wenyewe wamekwenda wapi?"

Niliudhika. Hapa kwetu Kiswahili kwa wengi ni lugha ya pili. Mmeru anakileta na Kimeru chake mgongoni, Mwarusha anakileta na Kimaa, sisi Wachaga ndiyo msiseme. Mimi niliona ni wajibu wangu kuwanyoosha. Mtu akisema, "Ule ng'ombe imenipiga mateke," mimi naandika, "Ng'ombe yule alinipiga teke." Nani alidhurika? Kwa miaka mingi sikumwona aliyedhurika.

Sasa, Mama Aneth alikuwa mjane wa Kimeru, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mumewe alinunua kiwanja kikubwa huku tambarare akafa kabla ya kukijaza. Siku moja alikuja ofisini na Mzee Lomayani, Mwarusha wa kule Kisongo, dereva wa lori. Kichwa cha lori lake kilikuwa kimekufa injini akakiuza, tela likabaki halina wa kulivuta. Njia ya kwenda bomani, nyumbani kwake, ilikuwa mbaya, asingeweza kulifikisha. Akamwomba Mama Aneth hifadhi kwenye kona ya kiwanja. Walikuwa wanafahamiana kwa kanisa tu. Walitaka maandishi, si kwa kutoaminiana, bali kwa sababu, kama alivyosema mzee, "Sisi wote tutakufa, na karatasi inabaki na watu ambao hawakuwepo."

Nikamwuliza Mama Aneth amekubali nini hasa.

"Andika nimekubali tela lake lilale kwangu."

Nikacheka. Nawaambieni ukweli, nilicheka. Nikamwambia, "Mama Aneth, tela halilali. Anayelala ni mtu, au mnyama."

"Gari linalala," akasema. "Watu wote wanasema gari linalala mahali fulani."

"Mtaani wanasema. Kwenye karatasi tunaandika vizuri." Nikaandika kwa mwandiko wangu ule: *Nimemruhusu Ndugu Lomayani tela lake likae katika kiwanja changu.* Nikawasomea haraka haraka. Mama Aneth akaweka dole gumba. Siku ya mwisho sikuandika, kona ipi sikuandika, nani ataliondoa sikuandika. Nilikuwa nimeshughulika na uzuri wa sentensi.

Miaka ikapita juu ya tela lile. Mpesheni ulipandwa na ndege, hakuna aliyeuweka. Nilikuwa nikipita njia ile kwenda kwa mdogo wangu, na mara moja kwa mwaka, masika yakishaisha, nilimkuta Mzee Lomayani uani na jeki. Aliinua ekseli, akazungusha kila gurudumu nusu, akashusha. Nilimwuliza sababu. Akaniambia tairi likikalia upande mmoja muda mrefu linabonyea na kupasuka hapo hapo. "Mgonjwa aliyelala lazima ageuzwe," akasema, "asipate vidonda." Kisha alikaa kwenye kigoda, akanywa chai na Mama Aneth, wakatazama mlima bila kuongea sana. Nilikuwa napenda kuwaona. Palikuwa ni mahali ambapo hata mimi niliyekuwa na haraka nilisahau nilikokuwa naenda.

Mzee Lomayani alifariki. Mwaka uliofuata hakuja mtu wa kuyageuza magurudumu, na wa pili pia. Wa tatu akaja mwanawe, Lazaro, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, shati safi, nguzo za uzio kwenye pikapu. Aliikuta karatasi kwenye sanduku la baba yake. Akaanza kupima kona aizungushie uzio wake, na Mama Aneth akaja kulalamika barazani.

Wakati huo ndipo Mama Aneth alipokuwa anaihitaji kona ile kuliko wakati wowote. Macho yake yalikuwa yanafifia. Binti yake, Aneth mwenyewe, alikuwa ameamua kurudi kutoka Singida kuja kuishi naye, na pale kwenye tela ndipo pangejengwa vyumba vyake viwili. Sehemu nyingine ya kiwanja ilikuwa imeshagawiwa wadogo zake. Bila kona, Aneth angebaki Singida, na mama yake angebaki na giza lake peke yake. Hicho tu ndicho kilichokuwa mezani.

Lazaro alisema mbele ya baraza, bila kufoka, "Mimi sitaki ugomvi na mama. Lakini karatasi inaongea yenyewe. Haijasema egesha, haijasema kwa muda. Imesema likae. Mtu akikuuliza unakaa wapi, anakuuliza nyumbani kwako. Baba alipewa mahali pa kukaa, na ni zaidi ya miaka kumi na miwili."

Kumi na miwili aliitoa kwa mwanasheria, na haikuwa mzaha. Ardhi ikishikwa na mtu miaka hiyo mwenyewe akiwa kimya, sheria inaweza kumfungia mwenyewe mlango. Mlioenda shule za sheria mtaniambia kwamba aliyeingia kwa ruhusa hawezi kujimilikisha hata akae miaka hamsini. Ni kweli. Lakini nenda kalithibitishe hilo na karatasi yenye neno langu. Siku hizi baraza la kata kazi yake ni kusuluhisha tu. Kuamua ni kwa baraza la ardhi la wilaya. Tukishindwa kuwapatanisha, shauri linapanda, na shauri likipanda linaweza kukaa miaka. Mama Aneth hakuwa na macho ya miaka.

Kikao kikaahirishwa wiki mbili. Nilirudi nyumbani nikiwa na nakala ya karatasi ile, nikaisoma mpaka herufi zikaanza kuelea. *Likae.* Mzee Ndeta alikuwa ameshatutoka, lakini nilimsikia akiniuliza: wenyewe wamekwenda wapi?

Asubuhi nilikwenda kwenye uzio wangu wa masale. Vijana wa mjini mnayapanda kwa urembo, hamjui mnashika nini. Kwetu, na kwa Wameru pia, mtu akikosa anachuma jani la isale, analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea. Likiletwa halikataliwi. Nililifunga fundo langu nikaenda nalo mkononi njia nzima, watu wakiniamkia na kulitazama, na wazee wakinipisha kimya kimya.

Mama Aneth alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na tela. Nikampa jani. Alilipapasa, vidole vikafika kwenye fundo, akajua.

"Umenikosea nini, Mama Katibu?"

"Wewe ulisema lilale. Mimi nikaandika likae."

Alilizungusha jani vidoleni, nyuki wakivuma kwenye maua ya mpesheni. 

"Nilikumbuka," akasema. "Nilidhani labda nyie mliosoma mna sababu yenu." Kisha akaliweka jani kwenye mapaja. "Msamaha nimekupa, siwezi kuukataa. Lakini neno langu je? Nalo utanirudishia lini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimetaka msamaha wa uani, wa watu wawili na kuku. Kurudisha neno kulikuwa kitu kingine. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano nistaafu. Katibu akisimama barazani akasema nilibadilisha maneno ya mtu, karatasi zake zote zinatiliwa shaka, miaka ishirini na kitu inayumba. Sikulala vizuri wiki ile, na nikilala nalikuta tela.

Siku ya kikao niliomba ruhusa kwa mwenyekiti mpya, kijana mmoja mpole, nikaacha kiti cha katibu nikaenda kukaa kwenye benchi la mashahidi. Nikasema yote. Kucheka kwangu pia nikakusema. Mjumbe mmoja akatikisa kichwa, na nilijua mchana huo hata Daraja Mbili, kule mjini, itakuwa na habari.

Lazaro alinisikiliza kwa heshima. "Pole, mama. Lakini na mimi nijuaje? Umri umekwenda, mnasali kanisa moja. Leo unasema hivi, karatasi inasema vile." Na kwa haki kabisa, alikuwa na hoja. Ndiyo faida ya kuandika na ndiyo hasara yake. Karatasi haikuwa na aibu niliyokuwa nayo mimi.

Mwenyekiti akamtazama Mama Aneth kama ana la kusema. Mama Aneth akageuza uso upande ilikotoka sauti ya Lazaro.

"Mwanangu, baba yako alipokuwa anakuja kugeuza magurudumu, aliwahi kukuleta?"

"Mara mbili, mama. Nilikuwa nimeshaoa. Alitaka nijue tela liko wapi."

"Geti langu lilikuwaje?"

"Halikuwa na komeo. Lilikuwa wazi."

"Mkaingia?"

 Nilimwona Lazaro akirudi kule kwa mawazo, kwenye asubuhi moja ya wingu, baba yake amesimama mbele yake na jeki begani.  

"Hatukuingia," akasema. "Baba alisimama nje. Nilitaka kusukuma geti, akanishika mkono. Alipiga hodi."

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Hodi, mama. Nimekuja kuona kama bado linaruhusiwa kulala.'" Alipolifikia hilo neno alisimama. Akalirudia peke yake, kwa sauti ya chini. "Kulala."

Mzee wa Kiarusha aliyekuwa mjumbe wetu akasema kitu kwa Kimaa, kifupi. Lazaro akainamisha kichwa. Baadaye niliuliza kilikuwa nini, nikaambiwa, "Mwenye boma hapigi hodi bomani kwake." Wala hakukuwa na haja ya kukitafsiri.

Lazaro akakubali kuliondoa tela, akaomba lori na winchi kwa rafiki yake. Siku ya kulitoa, geti lilikuwa wazi kabisa, watu wameshaingia, mafundi wanapiga kelele za kukata mpesheni. Yeye alibaki nje. Alisimama kwenye kizingiti, akiwa na jeki ya baba yake mkononi, akapiga hodi kwa sauti ya kusikika. Mama Aneth akaitikia kutoka kwenye kigoda, "Karibu, baba." Ndipo akaingia. 

Matairi mawili yalikuwa yamepasuka, ile miaka mitatu bila kugeuzwa. Matairi mengine yalikubali upepo. Tela lilipoanza kusogea lilitoa sauti ndefu, na kuku wakatawanyika, na chini yake pakabaki udongo mweupe mkavu, umbo lake lote. Mama Aneth hakuuona. Aliomba tumshike mkono, akatembea juu yake kwa miguu mitupu kutoka mwisho hadi mwisho, akihesabu hatua za vyumba vya binti yake.

Ilibaki karatasi ya makubaliano ya mwisho, na ilibidi niiandike mimi, kwa kuwa nilikuwa bado katibu. Mwenyekiti alikuwa ametuandalia maneno mazuri: pande zote mbili zimeridhia, chombo kimeondolewa, mlalamikiwa hana madai zaidi. Nikayaandika. Kisha nikamgeukia Mama Aneth.

"Na wewe, nikuandikie nini?"

Alifikiri, uso wake umeelekea mlimani.

"Andika, tela limeamka."

Mwenyekiti akakohoa taratibu. "Mama Katibu, hilo si neno la kisheria."

"Najua, Mwenyekiti," nikasema. Nikaandika, tela limeamka, nikamsomea polepole mara mbili, ndipo akaweka dole gumba.